Begi moja la mlimani na la renji: kabla hujahesabu mifuko, angalia ndani

Kila nikiulizwa begi gani la kikomandoo, yaani la mtindo wa kijeshi, linafaa kununua, swali linalofuata huwa ni lina mifuko mingapi, na hapo ndo huwa namsimamisha mtu. Mifuko ni kitu cha mwisho kuangalia. Cha kwanza fungua zipu mpaka mwisho, litandaze mezani, mwaga kila kitu, alafu jiulize kama unaiona kila kona ya ndani bila tochi na bila kupapasa gizani. Kama huoni, hilo begi usiende nalo renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, au ukienda nalo basi lisifanye kazi nyingine yoyote. Sababu ntazieleza hapa kwa kirefu maana naona ndugu zetu wengi huku Marekani wameanza kupenda mambo ya shabaha na habari hizi kwa Kiswahili ni chache mno.

Mi niko Texas, upande wa Dallas. Huku wikiendi watu wanaenda renji kama kawaida, kuna za ndani zenye viyoyozi na kuna za nje huko mashambani ambako unalenga bamba la chuma mita mia na zaidi na vumbi jeupe la mawe ya chokaa linakuingia mpaka kwenye kope. Na wengi wa hao hao ndo wanapanda milima, wanalala kwenye mahema, wanavua samaki. Kwa hiyo hamu ya kuwa na begi moja la kila kitu naielewa kabisa, na inawezekana, mimi mwenyewe natumia moja. (Ila niseme mapema, aliyeko huku kwa viza ya muda, ya masomo au ya kutembea, sheria ya shirikisho kwa kawaida haimruhusu kuwa na silaha wala risasi, kuna vighairi vichache kama leseni ya uwindaji, kwa hiyo ongea na mwanasheria kabla hujashika chochote.)

Tuanze na sumu. Risasi nyingi za kawaida zina kiini cha madini ya risasi, yale mazito ya kijivu, na hata kile kitako kinachogongwa ili baruti iwake, kwenye risasi nyingi kina kemikali yenye madini hayo hayo. Ukifyatua, moshi na vumbi vinatua kwenye mikono, kwenye shati, kwenye meza, na kwenye begi lako lililoachwa wazi pembeni. Madini haya mwilini hayana kazi yoyote, na kwa watoto ndo hatari zaidi, CDC, taasisi ya serikali ya hapa ya kudhibiti magonjwa, wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama kwa mtoto, na tangu 2021 kiwango wanachokitumia kumtambua mtoto wa kufuatiliwa ni mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu. Hicho ni kiasi kidogo mno. Sasa chukua begi hilo hilo, Jumamosi limeshinda renji, Jumapili unalitia maandazi, karanga, chupa ya maji na sweta ya mtoto mnaenda kutembea porini. Mtoto anaingiza mkono kutafuta karanga, mkono unaenda mdomoni.

Kwa hiyo mi vitu vya renji siviachi vikae na begi moja kwa moja. Vyote vinakaa ndani ya mfuko mmoja wa turubai laini, ule wa kukunja mdomo na kubana klipu, ambao wapanda mitumbwi wanautumia kuzuia maji: hedfoni za kuzuia sauti, miwani, magazini za bunduki (zile za kujazia risasi), stepla ya kubandikia shabaha, vitambaa vya kusafishia, boksi za risasi. Nikifika unatoka mfuko mzima, begi linabaki limefungwa nyuma mbali na mstari wa kufyatulia. Maganda matupu ninayookota yanaingia kwenye kopo lenye mfuniko, hayatupwi ndani ya begi hata siku moja, maana ganda limebeba masizi yote ndani yake. Nikimaliza nanawa kwa maji baridi na sabuni pale pale kabla sijagusa usukani, na begi nalifuta kwa kitambaa kibichi ambacho kinaenda kwenye taka. Usilikung'ute nyumbani, ukikung'uta umelirudisha lile vumbi hewani.

Na hapa ndo bitana inapoingia. Mabegi mengi ya aina hii yana bitana ya rangi ile ile ya nje, khaki kwa khaki, kijani kwa kijani, na dukani inapendeza. Jaribu kuweka ganda la shaba la risasi ya milimita 9 chini ya begi lenye bitana ya khaki, kwenye kona, alafu rudi nyuma hatua moja. Halionekani. Rangi ni ile ile. Weka ganda hilo kwenye bitana ya kijivu cheupe au ya machungwa, unaliona ukiwa mlangoni. Kuna kampuni zinaweka bitana ya rangi ya kuonekana na kuna zisizojali, na kwangu hicho ni kigezo kinachoshinda idadi ya mifuko mara kumi.

Kwa nini nalishikilia sana hili la kuona? Kwa sababu ya ndege. TSA, wakaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege vya Marekani, walikamata bunduki 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi wa abiria mwaka 2023, ilikuwa rekodi, na kama asilimia 93 ya hizo zilikuwa na risasi ndani, na utetezi unaosikika sana ni kwamba mtu alisahau. Hizo ni bunduki nzima, kitu kizito cha kilo nzima mtu anakisahau begini. Sasa risasi moja je? Risasi ndogo ya .22 ina urefu wa kama milimita 25 na uzito wa gramu tatu na kidogo, inaingia chini ya povu la mgongoni, inaingia kwenye ule mwanya kati ya bamba la plastiki na kitambaa, inakaa humo miezi na begi unaliona jepesi na tupu. Mwaka 2024 watalii kadhaa wa Kimarekani walikamatwa kwenye visiwa vya Turks and Caicos kwa sababu ya risasi chache zilizobaki kwenye mizigo yao, na sheria ya kule wakati ule ilikuwa na kifungo cha kuanzia miaka 12. Watu wenye familia, wameenda kupumzika ufukweni, wakajikuta wanasubiri kesi kisiwani wiki na miezi.

Sasa sisi ambao Desemba tunapanda ndege kwenda Dar au Nairobi, tukipitia Doha, Dubai, Amsterdam, tunapita kwenye mashine za nchi mbili tatu kabla hatujafika kwa mama. Nyumbani Tanzania kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, Kenya wana yao ya silaha, na kote huko risasi bila kibali ni kosa lenyewe hata kama bunduki yako iko Texas kwenye sefu. Msimamo wangu ni mkali na sibadiliki: begi lililowahi kwenda renji halipandi ndege. Nunua begi la kawaida la safari, hata la bei ndogo. Na hili la kazi nyingi libaki kwa gari, kwa mlima, kwa renji, kwa mahema.

Najua kuna atakayesema hapo si la kazi nyingi tena. Ni la kazi nyingi bado, kazi zote isipokuwa moja.

Haya, tuje kwenye kitambaa sasa maana hapa ndo watu wanapigwa. Utaona tangazo limeandikwa 600D, 900D, 1000D, na mtu anachagua namba kubwa. Hiyo D ni kipimo cha uzito wa uzi: ukichukua mita 9,000 za uzi wa 1000D unapata gramu 1,000, ukichukua za 500D unapata gramu 500, basi, haikuambii uzi umetengenezwa na nini. Nailoni nzuri ya 500D inavumilia kusuguliwa kwenye mawe kuliko poliyesta ya bei rahisi ya 600D, japo namba yake ni ndogo. Ukiona jina Cordura kwenye lebo, hiyo ni alama ya biashara iliyoanza na kampuni ya DuPont mwaka 1929 na sasa iko chini ya kampuni ya INVISTA, na kitambaa chenyewe kina mguso fulani wa ukavu, kama gunia lililobanwa vizuri, hakina mng'ao wa plastiki. Kwa mtu anayetembea sana 500D inatosha na mgongo utakushukuru. 1000D ni kwa anayeburuza begi kwenye changarawe na kulitupa nyuma ya pikapu kila siku.

Ila adui mkubwa wa mabegi haya kwa mazingira yetu ni joto na unyevu. Ndani ya kitambaa kuna utando wa poliyurithani wa kuzuia maji, na utando huo unakula unyevu hewani unavunjika taratibu, kwanza unanata, alafu unatoa harufu ya siki, alafu unabanduka vipande vyeupe kama ngozi iliyoungua na jua. Begi likikaa kwenye buti ya gari Agosti hapa Texas nje nyuzi 40 linazeeka haraka, na likikaa stoo Dar, Tanga au Mombasa bila hewa linazeeka vile vile. Kwa hiyo aliyeko nyumbani anayenunua mtumba Karume au Gikomba, na humo huwa yanapatikana mabegi ya maana sana, kabla ya bei aingize mkono ndani asugue bitana kwa kidole gumba na anuse. Ikinata, rudisha. Hakuna fundi wa kurekebisha hicho.

Baada ya kitambaa, mishono. Ligeuze begi ndani nje, usione aibu dukani, pesa ni yako. Angalia zile kingo za ndani ambapo vipande vinakutana: zimevikwa utepe ukashonewa, au kitambaa kimekatwa tu kikaachwa kinachanika nyuzi? Zikiwa wazi, kila ukivuta zipu uzi mmoja mmoja unanaswa, na baada ya muda mshono umeisha kitambaa. Alafu fuata mkanda wa begani mpaka pale unapoingia mwilini mwa begi. Pale ndo begi linapokufa. Unataka uone mshono mzito wa kurudiarudia, ile mistari mifupi ya nyuzi iliyosongamana, au kisanduku chenye msalaba ndani, na mkanda uwe umeingia ndani ya mshono ukashikwa na tabaka zaidi ya moja. Shika mpini wa juu, weka vitu vizito ndani kama muuzaji anaruhusu, nyanyua kwa mkono mmoja utikise. Ukisikia uzi unalia mara moja tu, achana nalo.

Na uzito wa renji watu hawaujui mpaka wabebe. Boksi moja la risasi 50 za milimita 9 ni kama gramu 600, kwa hiyo risasi 200 ni kilo mbili na nusu hivi, na hizo kwa mtu anayefanya mazoezi kwa bidii ni asubuhi moja tu. Za bunduki ya shotigani boksi moja la 25 linapita kilo. Ongeza silaha yenyewe kwenye kasha lake, vifaa, maji. Mzigo huu ni mdogo kwa ukubwa ila mzito, unajilundika chini ya begi unavuta mabega nyuma, ndo maana mi naweka boksi za risasi usawa wa katikati ya mgongo, zimebanwa na kitu kisichoteleza, na si chini kabisa. Begi lenye mikanda ya kubana pembeni linasaidia sana hapa.

Mlimani hesabu inageuka, kinachokuua ni maji. Guadalupe Peak, mlima mrefu kuliko yote Texas, mita 2,667, njia ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 13.5 na unapanda zaidi ya mita 900, na njiani hakuna tone la maji, wahifadhi wanashauri galoni moja kwa mtu kwa siku, yaani karibu lita nne, kilo nne hizo kabla hujaweka chakula. Kiunoni lazima pawe na mkanda wa maana wa kuhamisha uzito kwenye nyonga, na mabegi mengi ya kikomandoo yana utepe mwembamba tu pale ambao haubebi chochote. Kule pia upepo ni mkali sana majira ya baridi na masika, kila kamba inayoning'inia inakuchapa shingoni njia nzima, na kuna mimea ya majani magumu yenye ncha, lechuguilla wanaiita, inayochoma kitambaa hafifu ikatoka upande wa pili. Kuna mabegi mazuri ya renji ya kubeba mkononi yaliyojaa vyumba vya magazini, nayaheshimu, ila kule juu ni mzigo usiobebeka. Ukitaka moja la kazi zote chukua la mgongoni, kati ya lita 25 na 40.

Ile mistari ya mikanda iliyoshonwa nje ya begi, ya kuning'inizia vifuko, ilitoka kwenye mfumo wa jeshi la Marekani unaoitwa MOLLE, wa miaka ya tisini mwishoni, na ukiwa wa kweli mkanda una upana wa inchi moja na umeshonwa kila baada ya inchi moja na nusu, hivyo kifuko cha kampuni yoyote kinaingia. Beba rula. Mabegi ya kuiga mara nyingi vipimo vinapishana na kifuko hakikai. Mi natumia mistari miwili tu, ya kifuko cha huduma ya kwanza chenye kamba ya kubana damu, na hicho hakitoki kwenye begi iwe mlimani iwe renji.

Majina? Kampuni ya 5.11 wana begi la RUSH24 la lita 37, ina mifuko mingi sana kwa hiyo anayeichukua awe na nidhamu ya kuimwaga yote. GORUCK wana GR1 ya Cordura ya 1000D inayofunguka yote ikalala wazi kama kitabu, bei yake inauma ila kwa kigezo changu cha kuona ndani ndo inayonivutia kuliko zote. Bei ya chini pia kuna mazuri, ukifuata mishono na zipu badala ya jina.

Rangi. Huku Texas vaa utakacho, ila anayenunua jipya la kumpelekea mdogo wake nyumbani apandie Kilimanjaro au Meru, tafadhali usipeleke la mabakabaka. Uganda raia kukutwa na vazi la mabaka ya jeshi ni kesi, na Tanzania Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na sare za jeshi. Usimtie kijana matatizoni kwa ajili ya mtindo. Na kama anafanya kazi za mbugani, epuka nyeusi na bluu pia, mbung'o wanazifuata rangi hizo, hata mitego yao inatengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu hiyo. Khaki au kijivu, imeisha hiyo.

Nimeacha zipu mwisho maana ndo itakayoharibika kwanza hata ukinunua begi la mfalme. Chagua zipu ya koili, ile ya uzi wa plastiki uliojizungusha, namba 8 au 10 kwa mlango mkubwa, kwa sababu ikifunguka katikati unarudisha kichwa chake mwanzo unafunga tena na safari inaendelea, wakati zipu ya meno makubwa ya plastiki ikipoteza jino moja hapo imekwisha. Zile zinazodaiwa hazipitishi maji ni ngumu kuvuta na vumbi la renji linazikaba, bora zipu ya kawaida yenye ulimi wa kitambaa juu yake. Chukua mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, safisha meno yake kila baada ya vumbi kali, iache ikauke kivulini. Na ikianza kuachia nyuma, yaani unavuta inafunga alafu inafunguka yenyewe, usikubali kuambiwa begi limekufa, mara nyingi meno ni mazima, kilicholika ni kile kichwa, vumbi limekipanua mdomo. Kwa muda unaweza kukibana kidogo kwa koleo pande zote mbili, taratibu, lakini dawa ni kubadilisha. Huku zinauzwa mtandaoni kwa pakiti, nyumbani fundi wa mabegi yeyote Kariakoo anazo na anakuwekea wakati umesimama hapo, ila nenda na kile kilichoharibika mkononi, geuza nyuma yake, mara nyingi utakuta namba imegongwa, 5 au 8 au 10, aina na namba vyote vifanane na cha zamani.